Mama, Uniachilie

Jumatatu, 25 agosti

Sketi kumi na moja leo. Zote za bluu, za watoto wa masomo. Bado makumi mawili na tatu, na masomo yanafunguliwa juma lijalo. Umeme ulikatika saa moja ya magharibi, nikaendelea na tochi ya telefone. Kidole kinaniuma pale sindano ilipopita.

Dorika alilala tena chini ya meza, juu ya vipande vya nguo, kando ya miguu yangu. Nilimwambia mara tatu aende kitandani. Hakutaka, anapenda sauti ya mashini. Nikamuacha. Nilikuwa nimechoka kugombana.

Muda wa saa moja na nusu haukupita, akaanza ile kelele yake. Mara ya tatu juma hili. Si kulia kwa mutoto. Ni kelele ya mutu anayechinjwa. Anaketi wima, macho wazi, jasho linamutoka, moyo unapiga mpaka unauona kwenye shati. Ananitazama na hanioni. Namwita, hasikii. Dakika kumi na tano, pengine makumi mawili. Halafu ghafula analala tena.

Asubuhi nikamuuliza aliota nini.

"Wapi? Mi nililala."

Akaomba mukate. Akaumaliza. Mimi macho mekundu, kichwa kizito. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mutu: kwa dakika moja nilimuchukia mutoto wangu. Iko na miaka sita.

Alhamisi, 28 agosti

Tena. Safari hii alisimama na kukimbia moja kwa moja kwenye pasi ya makaa. Nilimudaka mbele ya kuifikia. Nikamukumbatia kwa nguvu, mikono yake ndani ya mikono yangu, nikambana kifuani. Alipigana. Sikujua mutoto mudogo iko na nguvu kama ile. Akaniuma begani.

Akapiga kelele: "Mama, uniachilie! Mama, uniachilie, unaniua!"

Mara nyingi. Sikumuachilia. Nilikuwa naogopa pasi.

Nyumba zetu ni za mbao. Mu parsele yetu, uwanja mumoja, tuko familia ine, na mutu akikohoa wote wanajua. Asubuhi kwenye bomba wanamuke waliacha kuongea nilipofika. Mama Masika peke yake ndiye alinisalimia. Yeye anauza muchele, alitoka Butembo zamani, haogopi mutu. Wengine waliangalia ndoo zao.

Wafikiri wanavyofikiri. Nina sketi za kumaliza.

Jumamosi, 30 agosti

Papa Dorika alipiga telefone kutoka Epulu. Anachunga lango pale kwenye stasioni ya okapi, anarudi nyumbani mara moja kwa miezi mitatu. Rezo ya telefone ilikuwa mbaya. Nilimweleza kelele za mutoto.

Akasema mama yake anakuja kunisaidia.

Mutu wa hapa mu parsele amesha mupigia. Najua. Sijui ni nani, na sitaki kujua, juu nitamutukana.

Jumatatu, 1 septemba

Masomo yamefunguliwa. Dorika iko mwaka wa kwanza. Sketi yake nilishona ya mwisho, usiku wa manane, na upindo umekwenda upande. Mutoto wa fundi anavaa kazi mbaya kuliko wote. Nililia kidogo ku mulango wa masomo, halafu nikaona haya.

Mama mukwe alifika magharibi na gari la Mahagi. Dorika anamwita Koko, basi nasi wote tunamwita Koko. Alileta samaki wakavu, unga wa muhogo, na kuku muzima mu kikapu. Ni mwanamuke muzuri. Nilipozaa Dorika nikapoteza damu, yeye ndiye alinibeba mugongoni mpaka barabarani, mimi mutu mukubwa. Sisahau ile. Nilifurahi kumuona. Nilifikiri: sasa nitalala.

Jumatano, 3 septemba

Sikulala.

Kelele ilianza. Koko alikuwa tayari, na kikombe cha maji ya baridi kando ya kitanda. Akamumwagia Dorika usoni. Akamukamata mashavu, akamuuliza karibu kabisa na uso: "Ni nani? Taja jina! Ni nani anakukamata?"

Maana yake alinieleza asubuhi. Wazee wa kwao wanasema mutoto anayepiga kelele na macho wazi anaona vitu ambavyo siye hatuoni. Lazima umuulize mbele afunge macho. Jina analotaja, ni huyo anamula.

Dorika alitaja jina. Alisema: "Mama. Mama. Mama."

Koko akaweka kikombe chini. Hakunitazama. Akaenda kuketi ku mulango mpaka kukapambazuka.

Sasa huyu mutoto angemwita nani? Gavana? Kila mutoto anayeogopa anaita mama yake. Nilitaka kumwambia hivyo. Heshima ilinizuia. Heshima itaniua.

Jumamosi, 6 septemba

Kila usiku, maji. Kila usiku, maswali. Na kelele sasa ni ndefu zaidi, mara moja ilifika karibu nusu saa. Koko anasema ni kwa sababu mulozi anakasirika kuulizwa. Alitumia lile neno. Mulozi. Muchawi anayekula watu. Hakusema nani.

Mama Masika alinivuta kando ya bomba. Akasema mutoto wake wa pili alikuwa anafanya vilevile, mpaka miaka nane, halafu ikaisha yenyewe. Sasa iko anaendesha moto, ile pikipiki, anabeba watu mpaka Komanda. "Muende kwa munganga wa kituo cha afya," alisema. "Na usingoje bwana yako akupe ruhusa."

Jumanne, 9 septemba

Kituo cha afya. Tulingoja tangu saa mbili mpaka saa saba. Munganga Inosa si dokta, ni mwuguzi, ila siye wote tunamwita munganga. Kijana. Anaongea haraka, lakini anasikiliza pole pole.

Aliuliza maswali ambayo hakuna mutu aliuliza. Analala saa ngapi? Kelele inakuja saa ngapi? Anakakamaa? Anauma ulimi? Iko na homa? Anakumbuka asubuhi? Wewe mwenyewe ulikuwa hivyo utotoni? Nikakumbuka mama yangu alikuwa anafunga mulango na kamba ili nisitoke usiku. Sijawahi kufikiri juu ya ile.

Alipima malaria. Hakuna. Akasema hii haionekani kuwa kifafa, ila tukiona anakakamaa tumurudishe upesi.

Halafu akaeleza. Mutoto hayuko anaota. Mwili umeamuka, kichwa kingali kinalala. Macho yako wazi lakini haoni. Mudomo unasema lakini maneno hayana maana. Inakuja zaidi kwa watoto waliochoka, wanaolala kwa kuchelewa, au walio na homa, au kama kuna fujo. Nikafikiria mashini yangu. Nikafikiria juma lile watu walipokimbia risasi, tukalala ku uwanja wa parokia siku ine.

Akasema: musimwamushe kwa nguvu. Musimumwagie maji. Musimuulize kitu. Na musimushike, isipokuwa anakwenda kuanguka. Ukimushika, mwili wake unapigana na mikono yako.

Nilimuuliza: basi akisema "uniachilie"?

"Anakwambia umuachilie."

Ni hivyo tu. Ni mikono yangu. Mimi niliweka yale maneno mu mudomo wake, na parsele nzima ikasikia.

Alinipa karatasi. Kwa siku tano niandike saa ya kelele. Nyuma ya pale, kila usiku nimuguse begani robo saa mbele ya ile saa, mpaka agune kidogo, halafu nimuache alale tena. Juma tatu, pengine ine. Dawa hakuna. Na alale mapema, mbali na mashini.

Nilirudi kwa miguu na furaha. Ndiyo, furaha. Mwaka huu sijaandika lile neno.

Jumapili, 14 septemba

22h40. 22h45. Hakuna. 22h35. 22h40.

Saa ile ile karibu kila siku! Inatoka ndani yake kama mutu wa kazi anayefika kwa saa. Nilimuonyesha Koko karatasi. Aliiangalia, akairudisha. Alisema mulozi naye anajua saa.

Naendelea. Kesho naanza kumugusa, 22h25.

Alhamisi, 18 septemba

Usiku wa Jumatatu, hakuna kelele. Jumanne, hakuna. Jumatano mimi nililala juu ya mashini. Kazi ya watu wa kwaya, mashati kumi na manane, waliyataka mbele ya Jumapili. Nilifunga macho kidogo tu.

Kelele ndiyo iliniamusha. Nilipofika ku mulango, Koko amesha mukamata Dorika mikono yote miwili, uso umelowa maji. Dorika alikuwa anapiga miguu na kusema: "Mama, uniachilie! Mama!"

Mimi nilikuwa hatua tatu mbali. Niliinua mikono yangu juu, nikamwambia Koko:

"Mama, angalia. Angalia mikono yangu iko wapi. Ni weye unamushika."

Aliangalia. Akaniambia kwa sauti ya chini, bila hasira, na hiyo ndiyo iliniogopesha:

"Mulozi hashiki na mikono."

Nikimushika mutoto, ninamula. Nisipomushika, ninamula vilevile.

Ijumaa, 19 septemba

Leo Dorika aliniuliza wakati namufunga viatu: "Mama, usiku unanipaka nini?"

Nikamuuliza nani amesema nampaka kitu. Akasema Koko anamuuliza kila asubuhi, njiani kwenda masomo. Mama alikuja usiku? Alikupaka nini? Alikupa kula nini? Ilikuwa nyama? Ilikuwa tamu?

"Na weye unajibu nini?"

"Nasema sijui."

Muzuri. Aendelee kusema sijui, juu wanasema mulozi analisha watoto nyama ya mutu. Usiku hakumbuki kitu, na hiyo ndiyo bahati yake. Koko anamujazia muchana kile kitu usiku haukuwa nacho.

Niligombana na Koko. Mara ya kwanza tangu ndoa yangu. Nilisema maneno ambayo hayarudi. Naye alilia. Alisema ana mujukuu mumoja tu.

Jumapili, 21 septemba

Nimerudi kutoka misa ya pili, nyumba iko wazi. Hakuna Dorika. Hakuna Koko. Kitenge cha Koko hakiko. Viatu vya Dorika viko.

Mama Masika alisikia kwa majirani: wamekwenda kwenye chumba cha maombi, kule nyuma ya mahali wanapouza mbao. Koko anasali misa asubuhi na kule magharibi. Nilijua. Sikufikiri.

Nilipiga telefone Epulu. Nilipiga mara tisa. Papa Dorika alijibu akasema nimuache mama, ni siku tatu tu, ni maombi, maombi hayaui mutu. Nikamuuliza kama ni kufunga kukavu, bila chakula, bila maji. Akasema hajui.

Anajua.

Jumatatu, 22 septemba

Nilifika kule saa moja ya asubuhi. Nyumba ya mabati, madirisha yamefunikwa na turubai. Mama mwombezi, anayeongoza maombi kule, alitoka mwenyewe. Anaongea pole, amevaa vizuri, anatabasamu. Alisema siwezi kuingia. Mutu ambaye mutoto amemutaja haingii, juu anaweza kufunga mudomo wa mutoto.

Nikasema ni mutoto wangu. Akasema ndiyo, ndiyo maana.

Nilisikia sauti ya Dorika ndani. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaomba maji. Nilisimama pale mpaka mvua ikaja, na nilibaki chini ya mvua, na kijana anayechunga mulango alinitazama bila haya. Halafu nikaondoka. Niliondoka! Naandika ili nisije nikajidanganya siku moja kwamba sikuondoka.

Jumanne, 23 septemba

Sikulala. Kulipopambazuka niligonga kwa Mama Masika. Hakuuliza kitu. Alivaa viatu, akafunga kitenge mara mbili, tukaenda.

Kijana alisimama ku mulango. Mama Masika ananyanyua gunia la muchele peke yake. Alimusogeza kama kiti. Nikapita.

Ndani watu pengine kumi. Mishumaa, muchana. Dorika alikuwa amelala juu ya mukeka katikati, midomo imepasuka, macho yameingia. Koko ameketi kando na rozari, naye hajala, nilimuona. Nilipiga magoti. Nikasema: "Dori. Ni Mama."

Akanitazama.

Akapiga kelele.

Najua kelele za mutoto wangu zote. Hii ilikuwa ile ya usiku, sauti ile ile, lakini ilikuwa saa mbili ya asubuhi na alikuwa ameamuka kabisa. Safari hii macho yake yalikuwa yananiona. Alijivuta nyuma mpaka kwenye ukuta na kujificha mugongoni kwa Koko.

Mama Masika ndiye alimubeba. Mimi nilitembea nyuma, mbali, ili asinione.

Jumatano, 24 septemba

Kituo cha afya. Wamemutia serumu mbili, maji ya mushipa. Munganga Inosa alisema muchana mumoja zaidi na figo zingeharibika. Alimufokea Koko mbele ya wagonjwa wote, na Koko aliinamisha kichwa. Sikumuonea huruma. Nyuma ya pale nikamuonea.

Usiku mimi na Koko tuliketi inje kwenye simenti. Akaniambia yote, bila kuulizwa. Siku ya kwanza Dorika alisema sijui. Jumatatu asubuhi alisema sijui. Jumatatu magharibi walimuonyesha kikombe cha maji. Wakamwambia aseme mama alimupa nini usiku, halafu atakunywa.

Akasema nyama.

Wakamupa maji.

Koko alisema: "Mimi ndiye nilishika kikombe." Halafu akasema: "Sisemi weye uko mulozi. Lakini sijui tena."

Afadhali angenidanganya.

Jumamosi, 27 septemba

Papa Dorika amefika na lori la mbao, vumbi mpaka kwenye meno. Alimubeba mutoto muda murefu. Mimi nilipika sombe, majani ya muhogo, na samaki wa mama yake. Aliangalia sahani kidogo mbele ya kula. Kidogo tu. Ameishi na mimi miaka minane.

Usiku alilala kwenye kiti.

Anataka Dorika aende Mahagi na Koko, akasomee kule. Nilikataa. Sikulia, sikupiga kelele. Niliweka karatasi ya munganga juu ya meza na kumusomea saa moja moja, na usiku tatu zilizokuwa na mustari, zile bila kelele. Nikamwambia: anayetaka kumuchukua atafanya kazi hii kila usiku, juma ine, bila kukosa. Nani? Akaangalia karatasi. Yeye anajua karatasi, kule kazini wanaandika saa za nyama wa pori wanaopita. Akasema basi abaki, lakini asilale na mimi. Dorika mwenyewe hataki.

Nikamuuliza Dorika. Aliangalia chini na kusema anataka Koko.

Alhamisi, 2 oktoba

Papa Dorika amerudi Epulu. Aliniaga kwa mukono.

Nimeleta mukeka wangu mu chumba cha mashini. Dorika analala na Koko upande wa pili wa pazia. Nimemufundisha Koko: mukono begani, pole, bila maji, bila swali. Akiguna tu, inatosha. Alijaribu kwanza kwenye bega langu. Koko hajui kusoma saa ya telefone, basi mimi ndiye naangalia.

Nachukia kwamba ni mikono yake. Nachukia sana.

Jumapili, 12 oktoba

Usiku tisa, hakuna kelele. Kwenye bomba wanasema maombi yamefanya kazi. Mama Masika alitaka kuwajibu, nikamuzuia. Wakiamini mutoto amepona, watamuacha. Kuhusu mimi, wanateka maji haraka na kuondoka. Mwanamuke wa kwaya aliyeleta kitambaa cha Noeli alikuja kukichukua. Alisema amepata fundi karibu na kwake.

Dorika anakula mbele yangu, ila Koko ndiye anapakua. Jana aliniletea sketi yake, nimutengenezee upindo. Aliiweka mwisho wa meza na kurudi nyuma hatua mbili. Niliitengeneza muzuri kuliko zote.

Munganga anasema kelele za usiku zinaisha na umri, hilo hana wasiwasi. Nilimuuliza juu ya hili lingine, la mutoto kuniogopa. Alipangapanga fishi zake za wagonjwa. Akasema hili linachukua muda, nisimusukume, nibaki karibu.

Alhamisi, 23 oktoba

Mvua tangu muchana. Nimeshona mito miwili. Mashini naifunga saa mbili, sasa.

22h25 nilisogea karibu na pazia. Nikamwambia Koko pole: "Mama, saa imefika." Nikasikia Koko anageuka. Nikasikia kitanda. Dorika akaguna, halafu akaongea, sauti ya usingizi.

"Mama iko wapi?"

"Iko inje ya pazia," Koko alisema. "Hataingia."

"Sawa."

Akalala tena. Nilibaki nimesimama mpaka pumzi zake zikawa ndefu. Halafu nikaandika saa kwenye karatasi, na pembeni nikapiga mustari.